Kijino Kilichopigwa Tupa

Mariam alikuwa na duka la vipuri vya pikipiki mjini Kisii, na sheria ya duka lake ilikuwa moja: lete cha zamani tulinganishe. Mteja akianza kutaja majina aliyoyasikia gereji, alimkatiza. "Weka hapa mezani nione kwa macho yangu." Kwa njia hiyo alikuwa amesomesha watoto wake wote, na mmoja wao, Nasteho, sasa alikuwa fundi wa umeme wa ndege.

Nasteho alikuwa ametumwa kutoka Nairobi kuja kutengeneza ndege ndogo iliyokwama katika uwanja wa Suneka. Mariam alipompelekea chakula, alimkuta amesimama juu ya ngazi, mkono mmoja umezama ndani ya injini hadi kwapani.

"Shuka ule. Pilau inapoa."

"Nipe dakika, Mama. Natafuta namba."

Namba yenyewe ilikuwa ya plagi moja ya mviringo, ndogo kama kifuniko cha soda, yenye vitundu vya pini. Joto lilikuwa limeiunguza na kufuta nusu ya maandishi yake. Haron, mtunza stoo kule Nairobi, alikuwa kwenye simu.

"Dada Nasteho, nisomee mpaka herufi ya mwisho. Hapa rafuni nina sita, zote zinafanana kama watoto wa mama mmoja."

"Herufi ya mwisho imeungua, Haron."

"Basi sina la kukutumia."

Kilichomkera Mariam hakikuwa plagi. Nasteho alikuwa ameshasema kwamba kazi ikiisha atarudi Nairobi ndani ya ndege hiyo hiyo. Mariam alikuwa amemwambia apande basi kama watu wengine, akachekwa. Ndege iliyoungua ndani, na mwanawe akae humo juu ya mawingu! Ikiwa hakuna budi, basi angalau itengenezwe upesi, na mtu mwenye akili.

"Lete hiyo plagi. Nitakutafutia mjini."

"Mjini haipatikani."

"Hata kabureta ya pikipiki ya mjomba wako waliniambia haipatikani." Akaifunga plagi kwenye pindo la leso, akapanda boda boda.

Yashwant, muuza vifaa vya umeme, alikuwa na droo aliyoachiwa na baba yake, imejaa vitu vya mnadani visivyojulikana vilikotoka. Wakaimwaga yote juu ya kaunta. Plagi moja ikatokea pacha: unene ule ule, vitundu vile vile. Tofauti ilikuwa kijino kimoja cha chuma mdomoni mwake, kimekaa pembeni kidogo.

"Mama Nasteho, hii ni ya ndege kweli? Mimi mambo ya ndege naogopa."

"Wewe hata pasi unaiogopa, Yashwant. Nipe tupa."

Akakipiga tupa kijino kile mpaka kikaisha.

Alirudi Suneka kifua mbele. Nasteho aliipokea plagi, akapitisha kidole kwenye mdomo wa plagi hiyo.

"Hapa palikuwa na jino," alisema.

"Lilikuwa linazuia. Nimelitoa."

"Mama, hiyo ndiyo kazi yake. Kuzuia."

Alimpandisha mama yake ngazini na kumwonyesha soketi mbili zilizokaa bega kwa bega, umeme wote ukiwa umezimwa. Moja, ile ya plagi iliyoungua, ilikuwa ya pampu ya mafuta. Ya pili ilikuwa ya taa inayomwambia rubani kwamba injini inawaka moto. Nasteho alichomoa plagi nzima ya hiyo taa, akamkabidhi.

"Ichomeke kwa jirani."

Mariam alisukuma. Ikakataa. Akaizungusha, akasukuma tena kwa nguvu za mwanamke aliyefungua nati zilizoshika kutu maisha yake yote. Ikakataa.

"Sasa jaribu yako."

Aliifuta kwanza kwa leso. Kwenye pampu iliingia. Kwenye taa ya moto iliingia pia, laini kama mkono mfukoni. Mariam aliitoa polepole. Kwa mkono wake mwenyewe, na kwa tupa ya kuazima, alikuwa ameondoa kitu kilichowekwa kumlinda mwanawe.

"Nani alifikiria hili?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Mtu aliyejua kwamba siku moja fundi atachoka, au atakuwa gizani. Nimulikie hapa."

Mariam alimulika. Waya uliotoka kwenye plagi iliyoungua ulikuwa mweupe, mwembamba, na juu yake kulikuwa na maandishi madogo kama mayai ya chawa. Yalijirudia hatua kwa hatua, mpaka pale waya ulipopotelea nyuma ya bati. Waya wa pembeni ulikuwa na yake tofauti. Na mwingine. Na mwingine. Furushi zima, kila mmoja na jina lake.

"Nani anayasoma huko ndani?"

"Labda hakuna mtu. Labda mimi, leo."

Nasteho alilitafuta jina la waya katika michoro ya ndege ile kwenye tableti yake. Mchoro ukamwonyesha plagi, na orodha ya plagi ikampa namba kamili. Alimsomea mama yake kipande kwa kipande: chuma cha ganda, ukubwa, mpangilio wa vitundu, na herufi ya mwisho, mahali pa meno. Ile iliyoungua.

Mariam aliomba simu, akamsomea Haron mwenyewe, herufi moja moja. Haron alipomwambia arudie, alirudia bila kugomba.

Plagi ililetwa kesho yake na ndege nyingine. Nasteho aliingiza pini, akavuta kila waya kuhakikisha umeshika, akafunga. Walipojaribu mitambo yote na rubani kuridhika, alimkumbatia mama yake na kupanda. Mariam hakutaja basi.

Ndege iliruka, ikapinda juu ya mashamba, ikawa nukta. Makori, mlinzi wa uwanja, alisogea karibu naye.

"Mama Nasteho, huogopi mtoto kupanda kile kitu?"

"Nilikuwa nadhani ninaogopa peke yangu," Mariam alisema. "Kumbe kuna watu walimwogopea hata kabla sijamzaa."

Makori alienda kufukuza ng'ombe walioanza kurudi uwanjani.