Chapati Hazina Ukurasa

Jana usiku, baada ya kusoma barua ya mjukuu wangu Tumpale kwamba mwisho wa mwezi anaacha chuo cha uuguzi na ukunga kwa kuwa wodini hafundishwi, niliota mimi ndiye mwanafunzi. Vitu nilivyopungukiwa ni hivi: saa yenye mshale wa sekunde, glovu za saizi yangu, mahali pa kukaa, na jina. Cheti changu cha shule ya jioni nilikuwa nacho, nimekibandika kifuani. Hakuna aliyekisoma.

"We mwanafunzi," akasema Sista Kihwele, mkuu wa zamu katika wodi ya wazazi, "simama pembeni, utazame tu."

Nasimama pembeni. Ukuta unanipokea taratibu, kwanza visigino, kisha mgongo, hadi mabegani. Humo wamo wanafunzi wengine wanne, nyuso zimetokeza kama swichi za taa.

"Karibu, mzee," mmoja akaniambia. "Mimi nipo hapa tangu Februari."

"Umejifunza nini?"

"Dari lina nyufa saba."

Mfukoni mwangu kitabu cha mazoezi, kile ambacho wakunga hukitia sahihi kwa kila kazi tunayoifanya, kikakohoa.

"Una sahihi sifuri," kikasema.

"Leo nimechota ndoo sita za maji. Nimepeleka damu maabara. Nimewaletea wakubwa chapati."

"Chapati hazina ukurasa."

Mara wodi ikawa darasa la chuo. Mdoli wa mazoezi amelala mezani, anasoma gazeti.

"Kwangu ulizalisha vizuri sana," akasema bila kuinua macho.

"Wewe hupigi kelele. Wa kule wodini wanapiga."

"Jamani! Hilo mbona halimo kwenye notisi?"

Narudi wodini, ukutani kwangu. Mama mmoja kitandani analia: "Tangu alfajiri mtoto hachezi! Nani atanisikilizia?"

"Subiri, mama," akajibu Sista. "Ninyi mko kumi na tisa, na mimi nina mkono mmoja. Wa pili wameuazima wodi ya watoto." Kweli, mkono haukuwepo. Alikuwa amechoka hata kofia yake imelala.

Kutoka kwenye trei, kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto kikaniita: "Mzee, toka huko."

"Nimeambiwa nitazame tu."

"Basi muombe akufundishe."

Tangu nianze kujisomea sijawahi kumwambia mtu kwamba sijui.

"Sista, hili silijui. Nifundishe."

Ukuta ukaniachia. Sista akaniinamisha kichwa hadi kwenye tumbo la yule mama kwa ule mkono wake mmoja. "Hapa. Bonyeza sikio, achia kipembe." Nikasikia mbio ndogo ndogo, kama mtu anayewahi kengele ya shule.

"Yupo," nikasema. Mama akashusha pumzi.

Sista akafungua kitabu. "Kwani unaitwa nani?"

Nikafungua kinywa nitaje jina langu na cheti changu. Likatoka: "Tumpale." Akaliandika, akatia sahihi.

Nikaamka nimechoka kama niliyetoka zamu. Mke wangu akanikazia macho. "Baba Lugano, nani kakupiga muhuri sikioni?"

Nikachukua kioo. Duara limebonyea kuzunguka sikio, kubwa kama mdomo wa kikombe. Mto wetu ni wa sufi, hauna duara.

Mezani palikuwa na barua niliyoiandika jioni, kurasa tatu za "vumilia, mimi babu yako nilisoma kwa taa ya chemli." Nikaichana. Nikaandika nusu ukurasa:

"Tumpale. Ukiipata barua hii, nenda kwa Sista wa zamu yako, mtajie jina lako, umwambie: hili silijui, nifundishe. Naye amechoka, usimwogope. Akikukataa, rudi nyumbani. Nitakupokea stendi na sitakuuliza neno. Babu."

Nikalamba gundi ya bahasha, nikaifunga, nikaiweka kwenye lile sikio. Nilipozisikia humo zile mbio ndogo ndogo, nikaipeleka posta.