Juzuu ya Kumi na Mbili

Wewe ulipita pale. Usinikunjie uso, ulipita. Uliona lori limegeuza mkia mpaka mlangoni mwa maktaba kuu, uliona vitabu vinatolewa kwa toroli kama matofali, ukainamia simu yako. Basi kaa nikueleze ulichokiacha, maana mimi sisahau.

Mkutubi Mkuu aliingia jengo lile akiwa karani wa kubandika mifuko ya kadi nyuma ya vitabu. Leo, miaka thelathini na minne baadaye, ofisi yake ina zulia, na watu humwita Bwana Kanuni, kwa kuwa kanuni zote za maktaba za umma aliziandika yeye. Ya saba ndiyo iliyompandisha cheo: kitabu kisicho na muhuri wa msomaji kwa miaka mitano kiondolewe rafuni.

Akasahau jambo moja. Kuna vitabu visivyoazimwa. Unavisomea humo humo, mezani, unavirudisha. Havitoki mlangoni, kwa hiyo havigongwi muhuri. Vinashikwa mpaka pembe zinalika, lakini kwenye kadi ni maiti.

Kati ya hivyo zimo juzuu arobaini na moja za tume ya ardhi, maneno ya watu waliohamishwa kwa nguvu, yaliyopigwa taipu mara moja tu. Katika juzuu ya kumi na mbili amesema mama yake Mama Funguo, mwanamke anayefungua na kufunga milango ya maktaba kwa mwaka wa ishirini sasa. Bibi alieleza nyumba yao ilisimama wapi na tingatinga liliingilia upande gani. Bibi huyo ameshazikwa. Kesi ya familia inasikilizwa mwezi ujao, na hakimu amekataa nakala. Anataka kitabu chenyewe.

Wiki iliyopita amri ikatoka wizarani: kanuni ya saba itekelezwe nchi nzima, vitabu vyote visivyo na muhuri viende kiwandani vikasagwe, mwisho Ijumaa. Mkutubi akavaa koti, akaenda kwa Katibu Mkuu. Yeye ndiye aliyemfundisha kazi Katibu huyo, enzi hizo kijana hajui hata kupanga kadi kwa alfabeti.

"Shikamoo, mwalimu wangu."

"Marahaba. Zile juzuu za tume, mwanangu. Zinasomwa, ila muhuri hazina."

Katibu akasukuma karatasi mezani. "Sahihi hii ya nani, mzee?"

Mkutubi akaisoma: ni yake, chini ya kanuni ya saba. Sheria ni msumeno, na huu aliunoa mwenyewe.

"Sikuadhiri," Katibu akasema akitabasamu. "Juzuu itakayosainiwa na msomaji kabla ya Ijumaa, itabaki. Msomaji wa kweli lakini. Kanuni ya tisa unaikumbuka?"

Angeisahauje? Mtumishi wa maktaba hahesabiwi kuwa msomaji. Aliiandika mwaka ule ule.

Aliporudi, Mama Funguo alikuwa ameshazipanga juzuu zote kwenye meza ndefu, migongo juu.

"Bosi, muhuri si una gurudumu la mwaka? Ligeuze nyuma kidogo, gonga. Nani atajua?"

"Nilimfukuza karani kwa kosa hilo, mama."

"Najua. Alikuwa shemeji yangu. Hajapata kazi mpaka leo."

Mkutubi akauchukua muhuri, akaweka kidole gumba juu ya gurudumu. Kidole kikakataa. Miaka thelathini na minne ilikuwa imekikausha pale pale. Akaurudisha juu ya pedi ya wino, na Mama Funguo akatazama pembeni ili asimwone macho.

Wakabandika tangazo mlangoni: NJOO USOME, NJOO USAINI. Jumanne akaja mwanafunzi mmoja, akasaini juzuu ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Jumatano hakuja mtu. Leo, Alhamisi, saa nne, akaingia bwana mmoja anatembea upesi, na Mkutubi Mkuu wa nchi akainuka kitini kumpokea.

"Karibu sana, ndugu. Utasoma?"

"Choo kiko wapi?"

Wakamwonyesha. Alipotoka wakamzuia, Mama Funguo huku, Mkutubi kule, juzuu ya kumi na mbili imefunguliwa, kalamu tayari.

"Jina tu, kaka yangu," Mama Funguo akamwambia. "Soma hata mstari mmoja. Huyu ni mama yangu anaongea."

Bwana akaitazama ile nembo ya serikali juu ya kadi. "Mimi na karatasi za serikali, dada? Leo nasaini, kesho naitwa shahidi. Nilikuja kukojoa tu mimi."

Akaondoka. Mama Funguo akakaa kwenye kiti cha wasomaji, mahali asipohesabiwa, akaanza kusoma kwa sauti ukurasa wa mama yake. Mkutubi hakumkataza. Alisimama na muhuri mkononi, tarehe ya leo tayari, hana pa kuugonga.

Lori linarudi kesho saa tatu asubuhi. Juzuu arobaini hazina jina. Mlango haufungwi mpaka saa kumi na moja jioni, nawe una mikono miwili na jina ulilopewa na wazazi wako. Usiniambie umesikitika. Inuka sasa hivi, nenda, iombe ya kumi na mbili kwanza, usaini.