Majamvi ya Mtaa

Rikwama lilikuwa limeshavuka njia panda ya Buguruni, kitanda cha Apolinari kimefungwa kamba juu yake, miguu ikitazama mbinguni, ndipo Marijani alipopata nguvu ya kutoka barazani. Alitoka kichwa wazi, bila kofia. Mkewe, Chausiku, alimwona akikimbia na hakumwita.

Yote yalianza na bomba. Mwaka wa hamsini na nne Serikali ilisema mtaa utapewa bomba moja, watu wakae wenyewe wachague liwekwe wapi. Wakakaa kwenye majamvi ya mtaa, yale yale ya mikutano na ya misiba, ambayo Marijani, kwa kuwa mwenyekiti, aliyatunza nyumbani kwake. Yeye alitaka bomba liwe ubavuni mwa msikiti. Apolinari, karani wa reli, mtu wa Tabora, jirani yake ukuta kwa ukuta, alitaka liwe njia panda.

“Watu watatawadhia wapi?” Marijani aliuliza.

“Kisima cha msikiti kipo, Mzee. Njia panda kila mlango unafika.”

Mwajabu muuza mandazi akadakia: “Sie tunabeba ndoo, nyie mnabeba hoja! Njia panda, tena leo!”

Watu wakacheka. Kicheko kile kilimwingia Marijani vibaya. Haikuwa dini iliyomsimamisha. Ilikuwa aibu ya kushindwa na mtu wa kuja, mbele ya watu wake.

“Basi sikilizeni. Anayelikataa bomba la msikitini anaipinga nyumba ya Mungu. Nimeshasema na Mwalimu Fakihi, kesho inasomwa halbadiri. Atakayenyoosha mkono kinyume asije akanililia.”

Kicheko kikakatika. Halbadiri ni kisomo cha kumshitaki mtu kwa Mungu, na pale jamvini hakuna asiyejua: ikimshika mtu, humshika na aliye karibu naye.

Apolinari alisimama. “Bwana mwenyekiti, nikiambiwa bomba, najibu bomba. Nikiambiwa Mungu, nijibu nini? Na mie ninaye, lakini sikuja naye hapa anyooshe mkono.”

Kura zilipoitwa, mkono wa njia panda ulikuwa mmoja tu. Mwajabu aliikalia mikono yake.

Halbadiri haikusomwa. Marijani hakuwa amesema na Fakihi hata neno moja, na alipomwendea jioni, Fakihi alimjia juu: “Kisomo si fimbo ya kushindia mikutano! Nenda kawaambie watu umeongopa.” Akaitikia. Kesho yake Fakihi akasafiri kwenda maulidini Bagamoyo, na Marijani akasema atawaambia Ijumaa. Ijumaa ikapita.

Jumapili Demetria, binti wa Apolinari wa miaka sita, akashikwa na homa. Ndiye aliyekuwa akimmiminia Marijani maji ya kunawa, akimwita babu. Siku ya tatu akafariki.

Kilio cha mama yake, Tekla, kilipenya ukutani alfajiri. Siku zote kilio kikisikika, watu huja kwa Marijani kuchukua majamvi wakawatandikie wafiwa, wawe Waislamu au Wakristo. Siku ile hakuja mtu.

“Mume wangu, wanaogopa kushikwa nao,” Chausiku alisema. “Toka useme. Neno moja tu.”

Marijani alikaa juu ya majamvi yaliyokunjwa, akiwaza watakavyomwita muongo. Adhuhuri ikampita pale pale. Jeneza lilibebwa na Apolinari na makarani wenzake watatu. Wiki iliyofuata Apolinari akaomba uhamisho wa kwao Tabora, akafunga vyombo.

Sasa alilifikia rikwama, pumzi zikimkatika. “Apolinari. Ile haikusomwa. Wallahi, haikusomwa.”

“Mie sikuiogopa, Mzee.” Apolinari alionyesha kwa kidole milango ya nyuma yao. “Ungewaambia wale.”

Tekla hakugeuka.

“Shikamoo, Mzee,” Apolinari akasema, kama alivyosema kila asubuhi, akalisukuma rikwama kuelekea stesheni. Marahaba haikumtoka Marijani.

Bomba liliwekwa ubavuni mwa msikiti. Fakihi aliporudi aliwaambia watu ukweli. Wakasikitika, wakachagua mwenyekiti mwingine. Mwajabu alihamia Temeke na mandazi yake. Chausiku alirudi kwa ndugu zake Kinondoni. Apolinari alifanya kazi Tabora mpaka akastaafu. Tekla alizaa wavulana wawili. Hawakurudi Buguruni. Marijani alikufa mwaka wa hamsini na tisa. Majamvi yalitandikwa, na mtaa mzima ulikuja.