Chumvi ya Mpakani

Mwani wa Rahila ulianza kufa upande wa kusini. Uligeuka mweupe kama kucha, na kila alipoushika ukakatikia mkononi. Ilikuwa kaskazi, jua limepasha maji ya ufukweni mpaka miguu inaungua, na wanawake wa Tongoni walikuwa wakilalamika kila mmoja kwa lake. Lakini shamba la Da Mwatum, linalopakana na la Rahila, lilikuwa zima. Kamba zake zilikuwa zimelegea kwa uzito. Wawili hao walipigilia vigingi vyao siku moja, kilimo cha mwani kilipofika kijijini, na hakuna aliyewahi kuuliza mpaka uko wapi.

Rahila ni Mbondei wa Muheza, aliletwa Tongoni na ndoa. Mumewe Yakobo alikuwa seremala, na alikuwa mtu wa kuamua. Kuku yupi achinjwe, mlango upakwe rangi gani, jioni lisomwe neno lipi, yote aliamua yeye, tena kwa upole, mpaka mtu hawezi kulalamika. Alipofariki watu walimwonea Rahila huruma kwa upweke. Upweke ulikuwapo kweli, ila kilichomsumbua zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumuuliza. Alikuwa anasimama sokoni mbele ya mafungu mawili ya nyanya akashindwa kuchagua.

Basi Mtumishi Luka alipokuja kutoka mjini kuhubiri katika kanisa lao dogo la mabati, Rahila alikuwa tayari. Foibe, anayeongoza maombi ya akina mama, alimshika mkono akampeleka mbele. Mtumishi akafumba macho.

"Mama, naona maji."

"Amina!" akaitikia Foibe, ingawa hapakuwa na mtu pale asiyeishi kando ya maji.

"Naona kazi ya mikono yako inakauka. Yupo mwanamke. Anajifunika kichwa. Mlango wake unatazama baharini. Mwanamke huyo anakula nawe."

Wanawake wa Tongoni wote wanajifunika, na Rahila mwenyewe siku ile alikuwa na kitenge kichwani. Lakini aliyekula naye alikuwa mmoja tu. Da Mwatum ndiye aliyemletea uji siku zote za msiba wa Yakobo, na sikukuu ya Idi haikupita bila sahani kuvuka ua.

Mtumishi akampa mfuko wa chumvi iliyoombewa. "Imwage mpakani. Na kutoka mkono ule usipokee kitu mpaka nikuambie."

Siku ya pili maji yalipokupwa, Rahila alishuka pwani kabla ya wenzake, akaenda kuimwaga. Wala haikumjia akilini wakati ule kwamba anatia chumvi baharini. Alilitaja jina la Yesu haraka haraka, kama mtu anayepita mlangoni kwa mwenzake bila kupiga hodi, akarudi nyumbani.

Mwani uliendelea kufa. Lilipokaribia bamvua lingine, siku ambazo maji hukupwa mbali na mtu akapata nafasi ya kupanda, Rahila alikuwa na kamba tupu na hakuwa na mbegu hata ya kufunga kamba moja.

Pwani ile aliyeishiwa mbegu hukatiwa na jirani, naye hurudisha atakapovuna. Hakuna anayeombwa mara mbili. Da Mwatum hakungoja hata kuombwa, alipiga kelele juu ya ua:

"Rahila we! Bamvua hilo linaingia. Njoo tukate mbegu, usije ukaniambia hukusikia!"

"Nakuja, Da Mwatum."

Hakwenda. Alimpigia simu Mtumishi kumuuliza kama anaweza kupokea, akaambiwa asubiri, jambo hilo linahitaji kuingia ndani zaidi katika maombi. Akapiga tena kesho yake, simu ikawa haipatikani. Bamvua likaja, likaanza kuondoka. Wanawake walipanda, walipiga soga, walirudi wamelowa hadi kiunoni, na Rahila akawaangalia akiwa kibarazani. Da Mwatum hakumwita tena. Alipita na kapu lake kichwani akitazama mbele.

Ikabaki kesho tu. Baada ya hapo maji hayatakupwa vya kutosha, na nyumba ya Rahila haina kazi nyingine.

Adhuhuri aliingia ndani, akapiga magoti kando ya kitanda. Alikusudia kuomba kwamba Mtumishi apatikane. Akaanza, halafu akanyamaza katikati. Ilimjia kwamba Bwana Yesu amemwambia mengi maishani: asante, nisamehe, niponyee mtoto, mpokee Yakobo. Kumuuliza, hajawahi. Maswali yake yote aliyapeleka kwa Yakobo, na baada ya Yakobo kwa mtu wa suti ambaye hajui hata mwani unapandwaje.

"Bwana," akasema, "nauliza mimi. Nipokee au nisipokee?"

Hakusikia sauti. Mbuzi wa mtu alilia nje. Akainuka, akachukua kitabu cha Injili alichozoea kusomewa, akasoma mwenyewe taratibu, kidole chini ya mstari, kuanzia pale Yakobo alipoacha alama ya uzi. Ilikuwa habari ya Yesu amechoka na safari, ameketi kisimani saa ya jua kali, na mwanamke wa watu wasiochangamana na watu wake akaja kuteka. Yesu akamwomba maji. Rahila aliijua habari hiyo tangu shule ya Jumapili. Ila hakuwahi kuona kwamba Yesu hakuuliza kwanza chombo ni cha nani, wala hakutaka kiombewe. Aliona kiu, akaomba, kwa mkono uleule ambao wenzake wangeukataa.

Akakaa na kitabu magotini. Hakutetemeka, wala machozi hayakumtoka. Alijua tu la kufanya, kama anavyojua kwa kutazama mchanga kwamba sasa maji yanatoka.

Foibe alimkuta asubuhi anakunja kamba zake.

"Mtumishi amekuruhusu?"

"Simu yake haipatikani."

"Sasa dada, unakwenda wapi? Utamfungulia adui mlango. Yesu anasema na sisi kupitia watumishi wake."

"Anasema. Na wewe Foibe nimekusikiliza sana. Lakini jana nilimuuliza mwenyewe."

"Akakujibu nini?"

"Alishajibu zamani. Nilikuwa sijasoma."

Foibe akashika kiuno. "Haya. Usije kulia kwangu."

"Kwako nitakuja kusali Jumatano, kama kawaida."

Da Mwatum alikuwa ameinama kwenye maji ya magoti, anakaza kigingi. Hatua chache mbele alikuwa Hija, mke wa mpwa wake, mwenye macho ya kuona kila kitu.

"Shikamoo, Da Mwatum."

"Marahaba." Hakuinuka.

"Naomba maji ya kunywa."

Hapo aliinuka. Alimtazama Rahila, akatazama dumu lake la maji lililoning'inia kigingini. "Maji tu? Au umekuja kumwaga kitu kingine?"

Rahila akatazama kule mpakani.

"Hija alikuona," akasema Da Mwatum. "Alikuja mbio akisema, shangazi, yule Mkristo wako anakuroga, katia dawa mpakani. Nikamwambia, Rahila? Yule hawezi kuroga hata panzi. Lakini maneno yale nililala nayo, Rahila. Nikakuita tukate mbegu, hukuja. Nikayalalia tena."

"Ilikuwa chumvi."

"Chumvi gani?"

"Ya kuombewa. Niliambiwa yupo mwanamke anayeniharibia, anayekula nami. Jina sikutajiwa, Da Mwatum. Jina nililiweka mimi."



"Mimi niliyekupashia maji ya kuoga ulipofiwa."

"Wewe."

"Ukatia chumvi baharini."

"Nilitia."

Hija alicheka kwanza, akajiziba mdomo kwa mtandio. Da Mwatum hakucheka. Alifungua dumu, akamimina kwenye kifuniko, akampa. Rahila akanywa mbele yao wote wawili, akarudisha kifuniko.

"Sijapoa," akasema Da Mwatum. "Usidhani nimepoa."

"Sidhani."

"Na wale wote aliowaambia huyu Hija kwamba unaroga, utawaambia wewe ilikuwa nini. Mmoja mmoja."

"Nitaanza na walioko hapa."

Akaanza kweli. Alikwenda shamba kwa shamba maji yakiwa bado chini, akasema alichofanya na aliyemshuku. Wengine walicheka, mmoja akageuza uso. Aliporudi, Da Mwatum alikuwa amekata mbegu kapu zima, ameanza kuzifunga kwenye kamba ya Rahila bila kumngoja, vifundo vyake vimekaza kuliko kawaida.

"Shika huko," akasema.

Rahila akashika ncha ya pili, akaivuta mpaka ikanyooka. Jua lilikuwa kali vilevile, na hakuna aliyejua kama mbegu hizi zitashika au zitageuka nyeupe kama zile za kwanza. Juu ufukweni Foibe alikuwa amesimama na mwavuli, anawatazama.

"Ile chumvi," Da Mwatum akauliza bila kuinua macho, "uliimaliza?"

"Imebaki nusu mfuko."

"Ilete jioni. Nina samaki changu wa kukaanga, na chumvi imeniishia."

Rahila akafunga kifundo cha mwisho kwenye kigingi. Maji yalikuwa yameanza kurudi.