Karabai Zetu Zilipokwenda Ngomani

Jumapili, tarehe moja Julai 1962, siku Burundi ilipopata uhuru, ndiyo siku mambo yetu yalipoharibika. Shefu Lukeba, mtawala wetu, alikuja na kamyo, lori la serikali, kwenye mwalo wetu wa kupakulia samaki, chini ya pori la Kigwena, ikachukua karabai zote, taa zetu za kuvulia, ziangazie ngoma za uhuru mjini Rumonge.

Nikamwambia, "Shefu, utuachie hata moja. Hata mwezi ukiwaka na hatuvui, hapa mtumbwi mmoja hubaki ziwani na moto. Wazee walitukataza kuliacha ziwa gizani."

"Amuri, na ndevu zako hizo unaogopa giza?" Watu wake wakacheka. "Kesho zitarudi."

Hazikurudi.

Jumatatu mchana, jua kali, tukaona mwanga ndani ya maji. Mweupe, chini sana, mpana kuliko mwalo wote. Mawimbi yalipita juu yake, wenyewe hautikisiki. Ukiutazama, mwili unakuwa mwepesi na miguu inatafuta maji. Mbwa walitangulia kuingia, kisha mbuzi na kamba zao shingoni. Hakuna aliyelia. Walizunguka mule, wote upande mmoja, kama ndagala, dagaa wetu, chini ya taa.

Mke wangu Kabibi alikuwa anachemsha mawese. Aliacha chungu motoni, akaenda. Nilimkamata maji yakiwa magotini, nikamrudisha, nikamfunga kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya wavu.

"Unifungue, bwana yangu. Kule ni kuzuri."

"Kule iko nini?"

"Hakuna kitu. Hakuna kitu kabisa." Akacheka kama bibi harusi. "Na kinatujua sisi wote."

Alasiri shefu akaja na polisi wake. Mwanga ulikuwa umeanza kufifia.

"Munaona? Iko inazimika yenyewe. Na huyu mama, nani amemufunga kama mbuzi?"

"Ni mimi, shefu. Nakuomba, usimufungue. Ule mwanga hauzimiki. Unapunguzwa."

Mvuvi yeyote anajua. Ndagala wakishajaa, taa huizimi. Unaipunguza polepole, wanasongamana kwenye duara dogo, ndipo unavuta wavu.

Lukeba hakuwahi kuvuta wavu. Alisimama mbele ya watu, yeye na polisi wake wamelipa ziwa mgongo, kama yuko bado kwenye sikukuu. "Jana tuliimba nini? Uhuru! Basi leo hakuna mutu wa kufungwa kamba."

Polisi akaikata kwa panga. Wawili wakanishika mikono.

Mwanga ukawa mdogo kama mlango. Watu wetu wakaingia majini, bega kwa bega, Kabibi mbele, mafuta ya mawese bado mikononi. Hakugeuka. Halafu maji yakanyanyuka, yote pamoja, kama shuka likivutwa kwa pembe zake nne. Yakashuka. Hata kanga moja haikuelea.

Shefu aliripoti kwamba walevi wa sikukuu walizama na mtumbwi. Wakubwa wakamuamini, wakampandisha cheo. Leo gari yake iko na bendera, na karabai zetu nimeziona kwa macho yangu, zinaning'inia barazani kwake. Mimi nimebaki na chungu.

Siku hizi ziwa siliangalii tena. Naangalia juu, anakokaa mvuta wavu. Sisi tukishavuta wavu, ndagala tunawaanika mchangani, macho wazi, mpaka wakauke. Kabibi wangu ameanikwa wapi?