Jina Moja, Programu Mbili

Mjukuu wangu Ciru aliahidi chama cha wafugaji cha Kapseret kwamba ukiandika neno moja tu, "maziwa", kompyuta ya ofisi yao itatoa hesabu ya asubuhi na kumtumia kila mfugaji meseji. Mwenyekiti, Mzee Mabonga, akaja kwetu na kompyuta hiyo aione kwa macho. Ikifanya, kazi ni ya Ciru. Isipofanya, Ciru aende Nairobi kutafuta kazi. Nairobi mimi sitaki.

Ciru akaandika "maziwa". Ikatoka hesabu ya mwaka jana.

"Si hii ni ya yule kijana aliyetutengenezea programu ya kwanza?" Mabonga akauliza, kikombe mkononi. "Wewe umebadilisha nini, rangi?"

"Pole, Mzee. Programu ni mbili na zina jina moja. Kompyuta hutafuta folda baada ya folda. Yangu niliiweka mwisho."

"Kitendawili!" nikasema.

"Cucu, si saa hii!" Ciru akanikataza, mimi nyanya yake.

"Tega," Mabonga akajibu.

"Naita mmoja, wanasikia wawili, anakuja wa mlangoni."

Akajaribu mbwa, akajaribu kuku. "Haya, chukua mji. Nakupa Kaptagat na msitu wake."

"Gathogo! Kwetu mtoto huitwa jina la babu yake. Wanangu wawili, kila mmoja akampa kijana wake jina la marehemu mume wangu. Nikiita, anakuja aliye karibu. Wa zizini hata hageuki."

Mabonga akacheka mpaka chai ikamwagika. "Basi futa huyo wa zamani!"

"Hapana," Ciru akasema, macho kwenye kioo cha kompyuta. "Nabwire wa ofisini bado anaitumia kwa ripoti ya mwezi. Ukifuta utamwangusha."

Akafungua faili ya mipangilio, kwenye mstari wa PATH, orodha ya folda ambazo kompyuta hupekua kwa zamu, akaleta folda yake mbele. Chini yake akaandika alias, jina la mkato: Nabwire akiandika "zamani", atapata ile yake. Akafungua dirisha jipya la kompyuta, akaandika: "Maziwa."

Hesabu ya leo ikajaa kwa kioo. Simu ya Mabonga ikalia. Akaisoma mkono ukiwa umenyooshwa mbali, vile sisi wazee husoma.

"Lita nane? Na mimi nimekuwa nikijigamba kumi!"

"Mashine haijui kujigamba, Mzee," Ciru akasema.

Mabonga akavaa kofia yake. "Jumatatu uanze kazi. Na meseji yangu isiende kwa simu ya mke wangu, umesikia?"

"Mkeo, Mama Mideva, alishajiandikisha jana apokee yako," Ciru akamwambia, akifunga kompyuta.