Jina la Mia Mbili

Perpetua alikuwa akimenya viazi vitamu, mchana kweupe, kikohozi kikasikika tena nyuma ya jiko. Hakugeuka. Ni Tabio, kaka yake, aliyepotea vitani. Alianza kukohoa pale siku Perpetua alipofukua mifupa yake shambani, na mkanda aliomsukia kwa mikono yake mwenyewe. Miaka mitatu hiyo, na mifupa bado imo kapuni, chini ya kitanda.

Kwao, milimani katika kisiwa cha Bougainville, ardhi ni ya ukoo wa mama, na maiti vilevile. Mtu hazikwi mpaka dada yake asimame mbele ya watu aseme, "Amekufa." Asiposema, marehemu atazungukazunguka nyumba, hana pa kwenda; na nguruwe wa matanga yake akiliwa kabla ya neno hilo, hupotea moja kwa moja. Maskini Tabio!

"Leo nasema, mjomba," Perpetua alimwambia mzee Sipari, mtu mwingine pekee aliyeijua siri ile. "Na nguruwe wa matanga amenenepa mpaka basi."

"Sema kesho, mwanangu, karani wa kuhesabu watu akishaondoka."

"Kesho yako haiishi! Kila mwaka karani anarudi na daftari lake."

"Nifanyeje? Majina mia mbili ndiyo yanayotupa kiti chetu barazani. Likipungua moja, tunaunganishwa na watu wa bondeni. Wale waliowaonyesha wanajeshi njia ya kuja huku, ndio watusemee juu ya mto wetu? Thubutu!"

Perpetua alirudi kumenya viazi. Njia hiyohiyo ndiyo iliyommaliza Tabio.

Alasiri watu walijaa uwanjani. Karani, kijana wa pwani mwenye meno mekundu kwa tambuu, aliita majina hadi la mwisho, la mia mbili.

"Tabio. Yupo?"

Perpetua alisimama. Ulimi ulikuwa tayari, wallahi ulikuwa tayari. Lakini jirani yake Bernadeta, mtoto mgongoni, akamvuta sketi. "Dada, usituangushe. Huyu mwanangu atakunywa maji gani?"

"Yupo," Perpetua akasema.

"Mbona simwoni? Yuko wapi?"

"Kwangu. Nyuma ya jiko. Anakohoa."

"Mwambie apunguze tumbaku!" mtu akadakia, watu wakaangua kicheko. Karani akatia alama.

Kiti kikabaki. Watu walicheza, na kabla Perpetua hajafika nyumbani, nguruwe wake alikuwa ameshachinjwa. Mjomba ndiye aliyetoa ruhusa. Nguruwe wa matanga! Perpetua aliona aibu hata ya kulia. Alipakua nyama, akaipeleka nyuma ya jiko.

"Kula, kaka. Mwaka ujao, naapa."

Kimya. Alingoja mpaka mafuta yakaganda sahanini. Miaka mitatu alikuwa akiziba masikio, sasa aliyatega.

"Kohoa basi," akamsihi. "Tabio, mtoto wa mama, kohoa hata mara moja."

Huko uwanjani walikuwa bado wanaimba. Nyuma ya jiko hapakuwa na mtu.